Miguu kumi na sita ya mninga

Likizo moja nikiwa darasa la sita nilipelekwa Dar es Salaam kwa baba mdogo, seremala wa Keko. Anayeijua Keko anajua: makochi, vitanda na makabati yamepangwa kandokando ya barabara, na nyuma yake misumeno inalia tangu asubuhi. Kazi yangu ilikuwa kufagia maranda na kushika ncha ya pili ya ubao. Jioni zilikuwa za daftari la Hisabati, maana mama alihakikisha limo begini. Shule tulikuwa tumeifunga katikati ya Kigawo Kikubwa cha Shirika, KKS: namba kubwa kuliko zote inayogawanya namba kadhaa bila baki.

Basi mama ntilie mmoja wa jirani akaagiza stuli. Urefu hakutaja. Baba mdogo alikuwa na miti mitatu ya mninga, inchi mbili kwa mbili, masalia ya fremu za milango. Mninga una bei, na kipande kikimbakia mkononi kilimuuma kama jino bovu. Akataka miguu yote ilingane, iwe mirefu kadiri itakavyowezekana, na pasibaki kitu.

"Baba mdogo, hiyo si KKS hiyo!"

Nikanyakua futikamba: sentimita 204, 255 na 357. Nikaokota kipande cha ubao nikaanza kugawanya kama tulivyofundishwa, namba zote tatu mstari mmoja, kushoto namba tasa. Mbili haikuwezekana, 255 imekataa. Tatu ikaingia kote, nikapata 68, 85 na 119. Tano ikaingia kwenye 85 peke yake. Saba, 119 peke yake. Kumi na moja haikuingia popote, nikahamia kumi na tatu.

Baba mdogo futikamba hata hakuigusa. Aliulaza mti mfupi juu ya ule wa kati, ncha za upande mmoja zikalingana sawasawa, akapiga alama ya penseli pale ulipoishia. Ile sehemu iliyozidi akaikatia kifito cha urefu uleule. Kisha akakitembeza kifito juu ya mti mfupi, alama kwa alama, kidole gumba kikishikilia kila alama kisiteleze. Mara nne, kikatua nchani kabisa. Akahamia kwenye mti mrefu: mara saba, nao ukaisha. Penseli ikarudi sikioni.

"Mwanangu, mguu ndio huu."

Ndiyo kwanza nilikuwa nimeifikia kumi na saba. Ikaingia kote: nne, tano, saba. Tatu mara kumi na saba, hamsini na moja. Nikakipima kile kifito. Hamsini na moja.

"Na kama mwishoni kingebaki kidogo?"

"Hicho kidogo ndicho kingekuwa kipimo. Unarudia nacho mpaka pasibaki kitu."

Shule ya msingi aliishia darasa la nne. Miaka mingi baadaye, chuoni, ndipo nilipokutana na kile kifito kikiwa na jina la mtu: mwanahisabati Euclid wa Aleksandria, kule Misri, yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, katika kitabu cha saba cha kazi yake ya Elements. Namba inayogawanya 204 na 255 bila baki lazima igawanye na tofauti yake, yaani 51, kwa hiyo kigawo kikubwa kuliko 51 hakiwezi kuwapo. Zikiwa namba tatu, Euclid anamaliza mbili kwanza, halafu jibu lake ndilo analolipambanisha na ya tatu. Keko tupu!

Mimi mpaka leo naona njia hii inastahili kufundishwa mapema zaidi. Mpe mtoto 323 na 391 atafute kwa namba tasa, atakata tamaa kabla ya kufika mbali. Kwa kifito: 391 ukitoa 323 inabaki 68. Toa 68 mara nne kwenye 323, inabaki 51. Toa 51 kwenye 68, inabaki 17. Na 17 inaingia kwenye 51 mara tatu kamili. KKS ni 17, na hakuna aliyebahatisha kitu.

Tulipoanza kukata, baba mdogo akapiga alama kwenye hamsini na nusu. Nikamwambia jibu ni hamsini na moja. "Msumeno nao unakula," akasema. Mti wa kutoa miguu saba unakatwa mara sita, na kila mkato unageuza mbao kidogo kuwa vumbi. Shuleni hatukuwahi kulipigia hesabu vumbi.

Miguu kumi na sita, stuli nne. Mama ntilie akaja, akakalia moja, akatazama nyayo zake.

"Fundi, mbona naning'inia?"

Baba mdogo akaguna, akachukua msumeno, akaishusha yote vidole viwili. Vile vipande kumi na sita mama ntilie akavifunga kwenye kanga, akaondoka navyo akaongezee kuni.