Plagi ni 16 jamani, sio 8

Jana usiku hapa Mikindani nimemaliza kuchomeka waya za plagi kwenye modeli yangu ya dragsta (gari la mbio fupi za mstari mnyoofu) ya skeli ya 1/25, feni nimezima kabisa maana vipande vinapeperuka. Wengi wanaweka 8, wanaona silinda 8 basi imeisha, kumbe gari za Top Fuel, dragsta za daraja la juu kabisa, kila silinda ina plagi 2! Nimetumia nyuzi za shaba za chaja iliyokufa, nikapaka rangi, matundu nimetoboa kwa sindano ya moto, mkono ukitikisika kidogo tu umeharibu. Imetoka safi mno.

Sasa nachonga boti ya mashindano, mbao nimepewa na mzee fundi ngalawa, akaniambia "mjukuu wangu, msasa ufuate nyuzi za mbao", na kweli rangi inakaa vizuri.