Debian 11 kwenda 12 kwa bando la usiku

Wana Mwanza mnaotumia Debian (mfumo wa kompyuta wa Linux), kupandisha toleo la 11 kwenda 12 wala sio kazi ya kuita fundi. Bekapu najua ushafanya. Fungua /etc/apt/sources.list (faili la orodha ya mahali programu zinaposhushwa), kila palipo bullseye (jina la 11) weka bookworm (jina la 12), mwisho wa mstari ongeza non-free-firmware maana kuanzia 12 (2023) madude ya waifai yamehamishiwa huko, ukisahau utalia. Kwenye terminal piga apt update, halafu usiku bando likiwa bei chee apt full-upgrade --download-only, inashusha tu haigusi kitu, mafaili yanakaa /var/cache/apt/archives. Umeme ukitulia ndo apt upgrade --without-new-pkgs (inapandisha zilizopo bila kuongeza mpya), kisha apt full-upgrade yenyewe. Kuruka 11 hadi 13 moja kwa moja hapana, Debian wenyewe hawataki. Desktopu ya dogo mmoja Kirumba ilizimika katikati ya kupandisha, amri ya dpkg --configure -a ikamalizia.