Kiki Ilipolegea, Fundi Alitaka Kufungua Enjini

Pikipiki yangu ya sisi 150 ilianza tabia moja: asubuhi inawaka kwa kiki ya kwanza, lakini ikishapata moto inagoma. Nikishusha abiria na kuzima, kuiwasha tena ni kutoka jasho. Kiki yenyewe ilikuwa imelegea, mguu unashuka tu bila kukutana na ule ugumu wa kawaida. Na kupanda kutoka bondeni kati ya Kawangware na Kangemi, nikiwa na abiria mmoja, kulinidai gia ya pili mahali nilipozoea kupita na ya tatu.

Pale steji kila mtu alikuwa na dawa yake. Nikabadilisha plagi, nikaosha kabureta, hali ikabaki ile ile. Fundi akaja, akasukuma kiki kwa mkono mara mbili, akasema, "Kompresheni imeisha, ndugu yangu. Ringi zimekufa. Leta elfu nane tufungue enjini, tuweke pistoni na silinda mpya."

Kwamba kompresheni, yaani nguvu ya pistoni kukandamiza hewa ndani ya silinda, imepungua sikubisha, hata mguu wangu ulikuwa umeshalijua hilo. Nilichotaka kujua ni inatorokea wapi. Inaweza kupita kwenye ringi ikashuka kwenye oili, ikapita kwenye valvu ya kuingiza hewa au ya kutoa moshi, au ikatokea kwenye gasketi ya hedi. Pistoni na silinda mpya zingeponya njia moja tu kati ya hizo, na elfu nane ni pesa ya kodi.

Nikaazima geji ya kompresheni, ile yenye mpira mrefu unaofungwa kwenye tundu la plagi. Enjini ikiwa na joto nikatoa plagi, nikairudisha kwenye kofia yake na kuigusisha kwenye chuma cha enjini, mbali na lile tundu, ili umeme upate pa kwenda na usiunguze CDI, kile kisanduku kinachotuma umeme wa plagi. Nikapiga kiki. Mshale ukasimama kwenye psi 60 (psi ni kipimo cha shinikizo la hewa). Moyo ulinishuka, mpaka nikakumbuka kwamba sikuwa nimefungua mafuta. Mkono wa mafuta ukiwa umefungwa, kabureta inaziba njia na pistoni haina hewa ya kutosha kukandamiza. Nikazungusha mkono mpaka mwisho, nikapiga kiki kama saba hivi mpaka mshale ukaacha kupanda: 85.

Kijitabu cha pikipiki kilisema 150. Ungelinganisha hivyo tu, ungesema karibu nusu ya enjini imekwenda. Lakini geji inapima hewa ambayo pistoni imeivuta, na Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi, nguvu yake ni kama asilimia 80 tu ya ile ya Mombasa. Enjini nzima inayosoma 150 ufukweni, hapa kwetu itasoma karibu 120. Nikamwomba jirani yangu wa steji, mwenye pikipiki ya aina ile ile isiyo na shida, tupime na yake. Ikasoma 120. Hapo nikapata kipimo cha haki. Upungufu wangu ulikuwa wa kweli, ila haukuwa mkubwa kama kijitabu kilivyonitisha.

Kisha nikamwaga kijiko kimoja cha chai cha oili ya enjini kwenye tundu la plagi, nikapiga kiki mara mbili tatu isambae, nikapima tena. Oili huziba kwa muda pengo kati ya ringi na silinda, kwa hiyo ringi zikiwa zimelika mshale hupanda sana. Wangu ulitoka 85 ukafika 88. Na pikipiki haikuwa inatoa moshi wa buluu wala kumaliza oili. Ringi zilikuwa zinasingiziwa.

Nikaisukuma mpaka kwa mtu wa pancha. Tukatoa kile kivalvu kidogo kwenye ncha ya mpira wa geji, tukauunganisha na kompresa yake, pistoni ikiwa juu kabisa na valvu zote mbili zikitakiwa kuwa zimefunga. Akaachilia hewa kidogo kidogo. Nikasikiliza kwenye kabureta, kimya. Kwenye tundu la kujazia oili, mvumo mdogo tu. Nikainama kwenye ekzosi, na hapo hewa ilikuwa inanifuka shavuni, ssss, bila kukatika.

Kesho yake asubuhi, enjini ikiwa baridi, nikafungua vifuniko vya valvu na kuleta alama ya T ya flaiwili mahali pake, pistoni ikiwa juu kabisa na valvu zimefunga. Kwa enjini yangu, kati ya shina la valvu na mkono unaolisukuma, ya kuingiza inatakiwa nafasi ya milimita 0.05 na ya ekzosi 0.10. Ya kuingiza ilikuwa sawa. Kwenye ekzosi hata jani jembamba kabisa la fila geji, vile vyuma vya kupimia nafasi, halikupita. Valvu ilikuwa imezama kwenye kiti chake, shina likapanda, nafasi ikaisha. Ikipata moto shina linarefuka, valvu inabaki wazi kidogo. Ndiyo maana ilikuwa inawaka asubuhi na kugoma mchana!

Nikalegeza nati, nikarekebisha skrubu mpaka jani la 0.10 likapita kwa kukwaruza kidogo, nikakaza nati na kupima nafasi tena, kwa sababu kukaza huwa kunaihamisha. Nikaiwasha ipate joto, nikapima kompresheni: 115. Kiki ikarudi ngumu, na ule mlima nikaupanda na gia ya tatu.

Nimeandika 115 na tarehe kwenye utepe chini ya kiti. Baada ya wiki tatu nimepima tena, nafasi iko vile vile. Ingekuwa imeziba upesi, ningejua valvu au kiti chake kimeungua, na hedi ingelazimika kushuka.