Paa Lisilokuwa na Theluji

Zilikuwa zimebaki siku nne tutie saini. Nyumba tuliipenda tangu majira ya joto, tulipoipita mara ya kwanza madirisha yakiwa wazi na sakafu ya mbao ikimeremeta kwa jua. Baridi ilipoingia, bei ikashuka, na mume wangu akaona tumefunguliwa mlango. Mkataba ulikuwa na kifungu kinachoturuhusu kuleta mkaguzi kabla ya kununua. Dalali alituambia kwamba tukikiacha mambo yatakwenda haraka, na tulikuwa tumeshakubaliana kukiacha.

Nilimpigia simu mjomba kumpa habari njema tu. Kazi yake ni ufundi bomba, na amezeekea nchi za baridi.

"Hongera, mwanangu. Umeiona nyumba ikiwa na theluji?"

Nikamwambia ndiyo, tena inapendeza kuliko zote mtaani: mikuki ya barafu inaning'inia ukingo mzima wa paa, mingine mirefu kama mkono wa mtu mzima, na binti yangu ameipiga picha. Mjomba akanyamaza. Kisha akasema, "Kesho asubuhi nipitie."

Kesho yake kipimajoto kilisoma nyuzi 18 chini ya sifuri. Theluji ilikuwa imeanguka juzi yake. Dalali alifungua mlango, akakanyagakanyaga kizingitini kukung'uta viatu, akatungoja. Mjomba hakuingia. Alivuka barabara akasimama upande wa pili, mikono mfukoni, akitazama juu. Nilimfuata.

"Tazama mapaa ya majirani," akasema.

Yote yalikuwa meupe, theluji imelala sawasawa.

"Sasa tazama hili."

Katikati ya paa la nyumba yetu, maana moyoni ilikuwa imeshakuwa yetu, theluji ilikuwa imeyeyuka na vigae vilikuwa wazi, vyeusi, vimelowa. Chini, kwenye ukingo, barafu ilikuwa imejijenga nene kama tuta. Siku mbili mfululizo niliitazama nyumba ile wala sikuliona hilo, kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye ile mikuki.

Mjomba alinieleza taratibu, akichora kwa kidole juu ya theluji iliyokuwa kwenye boneti la gari. Joto la ndani linapenya dari na kulipasha paa kwa chini. Theluji inayeyuka, maji yanateremka chini ya theluji mpaka ukingoni, ambako hakuna chumba chini yake na paa ni baridi. Hapo yanaganda. Yanayofuata yanakuta ukuta wa barafu, hayana pa kwenda, yanarudi nyuma na kupanda chini ya vigae. Kutoka hapo yanaingia ukutani. "Hiyo mikuki ni joto la nyumba linalomwagika nje," akasema. Alinionyesha pia waya mweusi uliopindapinda kwenye ukingo. Mimi nilidhani ni wa taa za mapambo. Ulikuwa waya wa umeme wa kuyeyusha barafu. "Mtu hapandi ngazi kuuweka huo mpaka maji yamemsumbua."

Tulipozunguka upande wa jikoni akasimama tena. Mpira wa kumwagilia bustani ulikuwa umetokeza kwenye theluji, bado umefungwa kwenye koki ya nje. Akatikisa kichwa, asiseme kitu.

Mwenye nyumba alikuwa mama mtu mzima, amebaki peke yake. Alitupokea amejifunika shali mbili. Sebuleni kulikuwa na hita ndogo ya umeme, chumbani kwake nyingine, karibu kabisa na kitanda. Wakati wa joto hazikuwepo, na hata zingekuwepo nisingejiuliza kwa nini nyumba yenye tanuru la kupasha vyumba vyote inahitaji hita pembeni. Kwenye dirisha kubwa la sebule nilijaribu kufuta ukungu kwa kiganja, haukufutika. Ulikuwa katikati ya vioo viwili. Kizibo cha kingo za vioo kilikuwa kimekufa na unyevu umeingia ndani.

Chumba cha chini ya ardhi ndicho kilichonitia hofu. Kuta tatu zilikuwa na rangi ya zamani, moja ilipakwa juzi. Mashine ya kufyonza unyevu ilikuwa inanguruma, ndoo yake imejaa nusu. Mjomba aliomba ruhusa, akasogeza rafu. Nyuma yake ukuta ulikuwa na unga mweupe kama chumvi, na kweli ni chumvi, ambayo maji huiacha yanapopita kwenye zege na kukauka. Nyufa za wima nyembamba hazikumshughulisha; aliniambia zege nyingi hupata hizo inapokauka. Alichokifuata kwa kidole ni ufa wa kulala, uliokwenda sambamba na sakafu kwenye kimo cha kiuno. Pale ukuta ulikuwa umefura kidogo kuja ndani. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na udongo uliolowa ukiganda kando ya ukuta unausukuma, majira baada ya majira. Nilikumbuka kwamba bustani ile nzuri iliinama kuelekea nyumbani. Maji yote ya theluji ya kila mwaka yalikuwa yanaletwa kwenye msingi.

Tanuru halikumchukua muda. Kibandiko kilionyesha lina miaka zaidi ya 20, basi.

Kisha akaniambia nipande darini mwenyewe. "Magoti yangu hayawezi, na ni wewe unayenunua." Nikashika tochi nikapanda ngazi, nikasukuma kifuniko kwa kichwa. Juu yangu, kwenye mbao za paa, ncha za misumari zilikuwa zimevaa jalidi, ile barafu nyembamba kama unga, mamia kwa mamia, zikimetameta kila nilipogeuza tochi. Nilikaa pale kimya. Hewa yenye mvuke ilikuwa inapanda kutoka vyumbani na kuganda kwenye misumari, na siku ya jua ingeyeyuka na kudondoka yote. Sufi ya kuzuia joto ilikuwa imesinyaa, mahali pengine niliona ubao mtupu. Bomba la feni ya bafuni halikutoka nje ya paa. Liliishia palepale, na mbao za juu yake zilikuwa na madoa meusi ya kuvu.

Niliposhuka sikuwa na la kumwambia yule mama. Mjomba ndiye aliyeongea. Alivuta kiti, akaomba kalamu, akamwandikia nyuma ya bahasha: kwanza bomba la feni litolewe nje, halafu mianya ya dari izibwe, ndipo sufi iongezwe. Asianze na sufi, akarudia, kwa sababu mvuke utaipita tu na kuilowesha. Udongo wa nje ungojee theluji iishe. Mama aliisoma bahasha mara mbili. Akasema mafundi wote waliokuja walimwambia abadilishe paa.

Tulipofika kwenye gari nilimpigia mume wangu nikamwambia hatununui. Aliuliza kama nina hakika, nikamtajia misumari. Mjomba alikuwa ameshafungua mlango wa gari, akaufunga tena.

"Ule mpira," akasema. "Maji yamegandia ndani ya bomba. Kama limeshapasuka ukutani, hatajua mpaka barafu iyeyuke."

Akarudi kugonga. Nilimwona kupitia kioo cha mlango akimweleza yule mama kwa mikono, kisha wote wawili wakashuka chini kuitafuta koki ya ndani waifunge.