Tabo kubwa na intakula ya mbele kwenye Impreza: paipu ndizo huamua

Ukifungua boneti ya Impreza WRX ya GDA, yenye injini ya EJ205 ya lita 2, tabo, pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa eksozi, utaiona nyuma upande wa kulia, juu ya giaboksi. Intakula, kipoza hewa inayotoka kwenye tabo, imelala juu ya injini ikipokea hewa kupitia tundu la boneti. Tabo ya kiwandani ni TD04, ndogo, inaamka mapema na kuchoka mapema. Wengi huitoa wakaweka tabo kubwa zaidi, VF ya IHI iliyotoka kwenye STI (Impreza yenye nguvu zaidi), au TD05 ya 16G, kisha intakula ikahamia mbele ya redieta. Kufunga tabo yenyewe ni kazi ya siku moja kwa fundi mzoefu. Kinachoua injini baadaye ni paipu, oili na petroli, na huko ndiko nitakakokaa zaidi.

Kabla ya kununua chochote, fikiria unaendeshea wapi. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa huko ni kama kPa 83. Mombasa na Dar es Salaam ni kPa 101. Geji ya busti, yaani presha inayoongezwa na tabo, huanza kuhesabu juu ya hewa ya nje, kwa hiyo ikisoma bar 1 Mombasa, tabo imeigandamiza hewa mara 2. Ikisoma bar 1 hiyo hiyo Nairobi, imegandamiza mara 2.2. Tabo inazunguka kasi zaidi na hewa inatoka moto zaidi, ilhali dereva anaona namba ile ile. Ndiyo maana TD04 inayopandishwa busti Nairobi huchakaa haraka: iko nje ya eneo lake la kazi bila mwenye gari kujua.

Chukua hewa ya nyuzi 25, igandamize mara 2.2 kwa tabo yenye ufanisi wa asilimia 70: itatoka na nyuzi 130 na ushee. Intakula inayoondoa asilimia 60 ya joto lililoongezwa itaipeleka kwenye injini ikiwa karibu nyuzi 68. Inayoondoa asilimia 75 itaifikisha kama nyuzi 52. Nyuzi hizo 16 ndizo mara nyingi hutenganisha injini inayochoma vizuri na injini inayolipua petroli kabla ya wakati, na pistoni za kiwandani za EJ hazivumilii mlipuko wa namna hiyo. Kinachovunjika ni kingo nyembamba zilizo kati ya mifereji ya ringi. Tena intakula ya juu ikikaa kwenye foleni ya Thika Road hupikwa na injini iliyo chini yake, na huchukua muda kupoa hata gari likishaanza kukimbia.

Anza na injini. Pima kompresheni silinda zote nne, injini ikiwa moto, throtoli imekanyagwa hadi mwisho. Usishtuke namba zikiwa chini ya za kitabu kama uko nyanda za juu, kwa sababu hewa inayoingia ni nyepesi. Angalia tofauti kati ya silinda na silinda. Ikizidi asilimia 10, acha habari ya tabo, shughulikia injini kwanza.

Tabo iliyotumika kutoka Japani ni bidhaa ya kawaida Kirinyaga Road, Nairobi, na nyingine ni nzuri kabisa. Shika ncha ya mhimili, isukume kulia na kushoto: mchezo mdogo ni kawaida, kwa kuwa mhimili unaelea juu ya oili. Kisha ivute nje na kuisukuma ndani. Hapo usisikie mchezo wowote wa mkono. Tazama mapanga ya upande wa hewa kwa tochi. Yakiwa yamelika kingo, limemeza vumbi. Yakiwa yamekwaruza kesi, liache hapo hapo. Weka TD04 na tabo mpya sambamba kwenye benchi, ulinganishe mdomo wa hewa, mdomo wa oili na miguu ya maji. VF hukaa kwenye flanji zile zile, bolti tatu kwa apu paipu (inayoleta moshi kwenye tabo) na tano kwa dauni paipu (inayoutoa), lakini midomo ya hewa hutofautiana, na hilo ulijue kabla hujanunua hosi.

Nati za eksozi zipulizie dawa ya kutu usiku wa kuamkia kazi. Stadi ikikatika ndani ya flanji, siku imeisha. Wakati tabo iko nje, chungulia apu paipu: baadhi ya magari haya yana kataliti, kisafisha moshi, ndani yake, na ikianza kubomoka vipande vyake huenda moja kwa moja kwenye mapanga ya tabo mpya. Weka isiyo na kataliti. Kagua pia paipu ya kuvutia hewa, ile inayopita chini ya manifodi. Ya kiwandani hukakamaa na kupasuka mahali pasipoonekana, na kuifikia lazima uinue manifodi. Ni kazi ya kuchosha. Ifanye sasa.

Oili ndiyo roho ya tabo. Kwenye bolti yenye tundu inayolisha tabo, injini nyingi za EJ zina kichujio kidogo cha wavu. Oili ikicheleweshwa kubadilishwa, wavu huziba, tabo hukauka na mhimili hukatika. Mwenye gari hulaumu tabo, anaweka nyingine, nayo inakufa vilevile. Fungua, safisha au weka kipya. Washa za shaba ziwe mpya kila zikifunguliwa. Kwenye mfereji wa kurudishia oili tumia gasketi tu, usipake silikoni: tonge moja likiingia ndani huziba njia, na oili isiyopata pa kushukia hupita kwenye sili na kuwa moshi wa bluu. Hosi ya kurudishia iteremke moja kwa moja bila kupinda. Nati za flanji kaza kwa toki renchi, karibu Nm 35, kwa zamu. Kisha mimina oili safi kwenye tundu la kulishia huku ukizungusha mhimili kwa kidole. Gari likishafungwa, chomoa plagi za injekta, piga stata sekunde 10, pumzika, rudia mpaka taa ya oili izime, ndipo uwashe.

Sasa paipu. Kwa GDA njia ya kawaida ni hii: hewa moto inatoka kwenye tabo, inapita upande wa kulia karibu na boksi la kichujio, inashuka hadi intakula mbele. Hewa iliyopoa inapanda upande wa kushoto karibu na betri na kurudi nyuma hadi throtoli. Betri mara nyingi lazima igeuzwe au iwekwe ndogo. Upande wa moto milimita 57 zinatosha, upande wa baridi 63. Kuweka milimita 76 kwa tabo ya ukubwa huu ni kujaza nafasi bure.

Kuna hofu kwamba paipu ndefu huchelewesha busti. Pima mwenyewe. Injini ya lita 2 kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika humeza karibu lita 50 za hewa kila sekunde. Paipu na intakula zikiongeza lita 8, kuzijaza ni sehemu ndogo ya sekunde. Kuchelewa kunakosikika kwa kweli hutokana na tabo yenyewe kuwa kubwa, kona kali, au uvujaji. Kwa hiyo punguza kona. Kona ya nyuzi 90 iwe ya kukunjwa kwa mashine, mzingo wake usipungue mara moja na nusu ya kipenyo. Vipande vya kukata na kuunganisha pembe kwa pembe viache kwa mabomba ya maji.

Paipu ziwe za alumini, unene wa milimita 2, zichomelewe kwa argoni. Kabla ya kuchomelea, shikiza vipande kwa nukta tu gari likiwa mahali pake, bampa likiwa limefungwa, uhakikishe hakuna kinachogusa. EJ hutikisika kwenye raba zake. Acha angalau milimita 15 kati ya paipu na bodi. Pale paipu inapotoka kwenye injini kwenda kwenye bodi weka hosi ya silikoni yenye nundu, ili mtikisiko ufie hapo. Boriti ya chuma nyuma ya bampa usiikate yote kupata nafasi. Kata kidogo uiimarishe, au chagua intakula nyembamba zaidi. Boriti hiyo ndiyo hupokea mgongano.

Kila ncha ya paipu lazima iwe na mdomo uliovimba. Bila mdomo huo, hosi itachomoka kwenye bar 1 hata ukikaza hadi mikono iume. Fundi asiye na mashine ya kuvimbisha anaweza kuchomelea mstari mwembamba kuzunguka ncha na kuulainisha kwa tupa. Futa ncha kwa thina, zikauke, usipake oili wala grisi. Tumia klipu za bolti, zile pana. Klipu za skrubu hukata silikoni na kulegea. Halafu osha ndani ya kila paipu. Chembe za alumini na takataka za kuchomelea zikibaki zitaingia kwenye silinda. Intakula iliyotumika nayo imwagie petroli ndani na kuitikisa mara tatu au nne mpaka itoke safi, kwa sababu ikiwa tabo ya gari la zamani ilikufa, vipande vyake viko humo.

Vali ya kutolea hewa, inayofunguka unapoachia mguu wa mafuta, iirudishe hewa kwenye paipu ya kuvutia. Najua sauti ya kutema nje inapendwa. Lakini Impreza hii hupima hewa kwa sensa iliyo baada ya kichujio, na hewa ikishapita hapo kompyuta inaipigia petroli. Ukiitema nje, petroli inabaki bila hewa yake, injini inakwama kwama kila unapobadilisha gia. Kwa sababu hiyo hiyo, uvujaji baada ya tabo huleta moshi mweusi na gari zito, nao ufa kwenye paipu ya kuvutia huingiza hewa isiyohesabiwa na kuifanya injini ichome kavu, yaani hewa nyingi na petroli kidogo. Huo wa pili ndio hatari zaidi.

Jaribu uvujaji kabla ya kuendesha. Chukua kifuniko cha bomba la plastiki kinachoingia kwenye hosi ya baada ya sensa, kitoboe, funga vali ya tairi. Ziba hosi za kupumulia za injini ili presha isisukume sili za krenki. Jaza taratibu hadi psi 15, nyunyiza maji ya sabuni kila kiungo, sikiliza.

Upande wa petroli, fanya hesabu. Injini ya tabo hutumia karibu ratili 0.6 za petroli kwa kila farasi kwa saa. Kwa farasi 280, injekta nne zisizozidi asilimia 85 ya muda wake, kila moja inahitaji kama cc 520 kwa dakika. Kwa hiyo 550, pamoja na pampu ya lita 255 kwa saa. EJ zina injekta za aina mbili, za kulishwa juu na za kulishwa ubavuni, na haziingiliani. Plagi za cheche ziwe baridi hatua moja, mwanya milimita 0.7.

Kompyuta ya Japani imepangwa kwa petroli ya oktani 98 hadi 100, tofauti na inayouzwa kwenye vituo vyetu, hivyo gari lisipewe busti kamili mpaka lipangwe upya, sensa ya mchanganyiko ikiwa kwenye eksozi. Mzigo ukiwa kamili, lenga karibu hewa 11 kwa petroli 1. Tazama namba ya IAM, ambayo hushuka kompyuta inaposikia mlipuko: nzima ni 1.0, au 16 kwenye kompyuta za zamani. Ikishuka, ondoa mguu, tafuta sababu. Westigeti, vali inayopitisha moshi pembeni ya tabo ili busti isizidi, nayo ifungwe fimbo yake ikiwa imevutwa milimita 2 tu. Ukiona busti inaendelea kupanda yenyewe kwenye mizunguko ya juu baada ya kuweka eksozi iliyo wazi, tundu la westigeti ni dogo na linahitaji kupanuliwa. Kupunguza busti kwenye kompyuta hakutasaidia kitu.

Baada ya kilomita 200 kaza tena klipu zote injini ikiwa baridi, badilisha oili, na usimkanyagie gia ya tatu ghafla: giaboksi ya gia tano ya gari hili huanza kung'oka meno hapo.