Siku moja maishani mwangu: kuandika ujumbe wa makosa

Saa mbili asubuhi huwa nimeketi. Ninatunza maktaba ya C++ (lugha ya kuandikia programu), yaani mkusanyo wa msimbo unaotumiwa na wenzangu wa idara nyingine, na karibu yote imeandikwa kwa violezo, yaani msimbo unaoandikwa mara moja ufanye kazi na aina nyingi za data. Hadi saa nne nilikuwa nimekwisha pitia mabadiliko ya jana.

Saa nne na robo, kijana aliyeanza kazi mwezi uliopita alinitumia mistari 140 ya makosa na maneno mawili: "Kaka, nimekwama." Alikuwa amechukua std::list, orodha ambayo hupitiwa hatua moja moja, akaipa funksheni yetu ya kupanga data, na funksheni hiyo kwa ndani huita std::sort, kipangaji cha C++ kinachohitaji kuruka kutoka nafasi moja hadi nyingine. GCC, kompaila yetu (programu inayotafsiri msimbo), ikampeleka kwenye faili la stl_algo.h, ambalo hajawahi kulifungua, ikilalamika kwamba haikupata operator-, alama ya kutoa, ya kutoa itereta (kielekezi cha nafasi ndani ya orodha) moja kwenye nyingine. Mstari wake mwenyewe ulitajwa mara moja tu, katikati ya rundo. Wapo wakongwe wanaosema kwamba asiyeweza kusoma makosa hayo hafai kuandika C++. Sikubaliani nao hata kidogo, kwa sababu ujumbe ule ulieleza shida za aliyeandika std::sort, na kijana alihitaji kuelezwa shida yake.

Nikaweka static_assert, sharti ambalo kompaila hulikagua na likivunjwa hutoa ujumbe niliouandika, mwanzoni mwa funksheni: "Itereta hizi haziwezi kuruka, kwa std::list tumia sort() yake yenyewe." Ujumbe ukatoka, na chini yake rundo lote likatoka vilevile, kwa kuwa static_assert ikishindwa, kompaila huendelea kuuchambua mwili uliobaki. Mchana wote ukaniishia hapo. Nilijaribu sharti la requires la C++20 (toleo la lugha hiyo), ambalo huizuia funksheni isichaguliwe kwa aina isiyofaa. Rundo likatoweka pamoja na maneno yangu, GCC ikaanza kwa kusema kwamba hakuna funksheni inayolingana na mwito huo. Mwishowe niliutia mwili ndani ya if constexpr, ambayo huiachia kompaila upande mmoja tu wa kuuchambua, na kuiweka static_assert upande wa else, ikitegemea aina ya kiolezo, maana kabla ya C++23 static_assert(false) ilikataliwa hata kiolezo kisipotumiwa.

Jioni, macho yakiwa mazito, nikaandika jaribio linalokusudiwa kushindwa: mistari sita mibovu, ambayo GCC na Clang, kompaila nyingine, lazima ziitolee kosa moja tu. Zote mbili zikatii. Nikamtumia kijana toleo jipya, naye akajibu baada ya dakika mbili:

"Nimeliona, kaka. Mstari wa 31."