Mchanga wa Shangani

Juzi jioni, karibu na soko kuu la Mtwara, mama mmoja alikuwa anakaanga karanga kwa mchanga. Sikuwa na haja ya karanga. Kilichonisimamisha ni mlio. Mwanzo mwiko ulikuwa unaburuta mchanga mzito, unaogandana. Baadaye kidogo mchanga ukaanza kutiririka, shaa, shaa, kama mchele mkavu kwenye ungo. Hapo ndipo akamwaga karanga. Hakupima kitu. Alisikiliza tu.

Nikarudi mwaka 2011, uani kwa mjomba, Chikongola, chini ya Datsun 240Z yake, gari la michezo la Kijapani.

Aina hiyo ndiyo iliyoshinda Safari Rally, mashindano ya magari ya Afrika Mashariki, mwaka 1971 na tena 1973, lakini mjomba hakutaka lipige kelele za ubishi mtaani. Alitaka injini ipumue vizuri. Tulikuwa tunang'oa ekzosi yote, kuanzia manifodi, kile kikusanyio cha moshi cha chuma cha kusubu kwenye injini, hadi silensa. Heda mpya, ya kuchukua nafasi ya manifodi hiyo, ilikuwa imefika kutoka Japani: mabomba sita yanayokusanyika matatu matatu, kisha mawili yanayobaki yanakuwa moja. Mgawo huo una maana. Silinda sita za injini hii, L24, zinawaka kwa mpangilio wa 1-5-3-6-2-4, kwa hiyo silinda 1, 2 na 3 zikifungwa pamoja, na 4, 5 na 6 pamoja, kila kundi linatoa moshi kwa zamu zilizoachana sawasawa, digrii 240 za mzunguko wa krenki, mhimili mkuu wa injini. Moshi wa silinda moja haugongani na wa jirani yake mlangoni.

Stadi (boliti isiyo na kichwa inayoshika manifodi) ya mwisho kabisa, ile ya nyuma kwenye ukuta wa kabini, ilikatika. Za pembeni ndizo hukatika kwanza, maana manifodi ndefu ikipata moto hurefuka na kuzivuta. Tulichomelea nati juu ya kisiki, tukaacha ipoe, ikatoka kwa spana.

Kilichotuchelewesha zaidi ni washa, vile vipete vya chuma vya chini ya nati. Kwenye injini hii manifodi ya hewa na ya moshi ziko upande mmoja, zinatumia gasketi moja ya kuzuia uvujaji, na kuna washa nene zinazokanyaga zote mbili kwa pamoja. Flanji ya heda mpya, yaani bapa lake la kufungia, ilikuwa nyembamba kuliko ya manifodi ya hewa. Ukikaza hivyohivyo, washa inalala upande, hewa inabanwa sawasawa na moshi unavuja, na utabadilisha gasketi tatu bila kujua kosa liko wapi. Nilipima tofauti, nikapiga tupa kila washa iwe na ngazi ya kimo kilekile. Mchana mzima ulikwishia hapo. Halafu ukaze kuanzia katikati kwenda nje, kidogo kidogo, na urudie injini ikishapata moto na kupoa.

Bomba refu tulichagua la milimita 57. Wengi wangeweka kubwa zaidi, lakini bomba likiwa pana mno kwa injini ya lita 2.4 gesi inapoteza kasi, na nguvu ya chini, ile unayoihitaji kuondoka kwenye mchanga au kupanda mlima na mzigo, inapungua. Chuma chenyewe kilikuwa cha kawaida, unene wa milimita 2, kwa sababu upepo wa chumvi wa huku unakula chembamba upesi. Bomba la maji lililopakwa zinki tulilikataa ingawa lilikuwa karibu na la bei nafuu: ukilichomelea, moshi wa zinki unakutia homa na kifua usiku huohuo.

Ikabaki kona ya kupita kando ya difu, lile kasha la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma. Difu ya gari hili imefungwa kwenye bodi, haipandi na kushuka kama ekseli ya pikapu, kwa hiyo bomba linaweza kupita karibu, mradi lisiguse shafti za magurudumu zinazocheza. Tulihitaji digrii 45 tu. Mashine ya kukunja hatukuwa nayo, tukatumia njia ya zamani: kujaza mchanga ili bomba lisibonyee, kupasha moto, kukunja.

Mchanga niliuchota mimi Shangani, ufukweni. Nikauchekecha, nikaukaanga juu ya bati Ijumaa jioni mpaka ukatiririka. Kisha nikauacha kwenye ndoo, wazi, usiku kucha.

Asubuhi mjomba alikaa kwenye kigoda chake, mbele ya mdomo wa bomba, akichora chaki. Kwa nusukipenyo cha milimita 170, kona ya digrii 45 inataka upashe urefu wa kama milimita 134, si zaidi. Mshono wa bomba aliugeuza ukae ubavuni, maana ukikaa nje ya kona unavutwa hadi unapasuka, na ukikaa ndani unajikunja. Nilipigilia kizibo cha mwembe upande mmoja, nikajaza, huku nikigonga ubavu kwa nyundo ya mti. Bomba tupu linalia. Likishajaa vizuri, mlio unakuwa mzito na mfupi.

Kabla sijapigilia kizibo cha pili akaniuliza, bila kuinua macho kwenye chaki:

"Mwanangu, mchanga umekauka?"

"Umekauka, mjomba."

Nilikuwa sijautia mkono asubuhi ile. Nilikumbuka ya jana tu. Mchanga wa bahari una chumvi, na chumvi inavuta unyevu wa hewa, na hewa ya Mtwara usiku ina maji ya kutosha. Kizibo chenyewe sikukitoboa tundu la kupumulia.

Tukawasha mkaa, mimi nikaongeza gesi. Chuma kikaanza kuwa chekundu cheusi, kikielekea rangi ya komamanga lililoiva. Mjomba akainuka kuchukua koleo, hatua tatu, labda nne. Nikasikia kitu kama kikohozi ndani ya bomba. Halafu kizibo kikatoka.

Sikukiona kikipita. Niliona mchanga wa moto umetawanyika juu ya kigoda, unafuka, na mwanga mdogo wa duara kwenye bati la banda ambapo dakika moja nyuma hapakuwa na mwanga. Maji yakigeuka mvuke yanataka nafasi zaidi ya mara 1,600. Kijiko kimoja kinatosha. Mjomba alisimama na koleo mkononi akitazama kigoda. Hakusema neno kwa muda. Kuku walikuwa wamenyamaza.

Tulikaanga mchanga upya, safari hii wa mto, tukaujaza ungali wa moto, kizibo kimetobolewa milimita 3. Kona ikatoka safi, bila kunyanzi hata moja. Mengine yalikwenda haraka. Tukatoboa tundu dogo sehemu ya chini kabisa ya silensa ili maji yatoke, kwa sababu silensa ya gari la safari fupi huozea ndani. Tulipowasha, nikaziba mkia kwa kitambaa kinene na kusikiliza viungo: kimya. Baada ya kwenda Mikindani na kurudi plagi zikawa nyeupe, mafuta yamezidiwa na hewa, kwa kuwa injini sasa ilikuwa inapumua zaidi. Nati za mchanganyiko kwenye kabureta, tulizoanzia mizunguko miwili na nusu, zikashushwa hadi karibu mitatu, plagi zikapata kahawia hafifu. Sauti ilikuwa nene, ya chini, ya kuheshimika. Mjomba aliendesha hadi Mingoyo na kurudi bila kuwasha redio.

Akisimulia habari ya ile tundu kwenye bati, mpaka leo anasema kizibo kilikuwa cha mwembe, mti laini, tungetumia mninga. Wageni wanaitikia. Nami nakuwa nimekaa palepale, nimeshika kikombe cha chai.

Mwaka jana nilinunua bati jipya nikampelekea. Alishukuru, akaliegemeza ukutani mwa banda, nyuma ya gari. Bado liko hapo.